Ten ama Eleven?

"Dada, nikuwekee ten ama eleven?"

Fundi aliniuliza hivyo bila kuinua macho, bisibisi mkononi, mashine yangu iko wazi mbele yake. Ilikuwa Novemba 2025, dukani kwake hapa Gede, hatua chache kutoka steji pale ambapo barabara ya Malindi inaachana na ile ya kwenda Watamu. Mashine ni Lenovo ThinkPad T470, zile zinazoitwa "ex-UK": ofisi fulani Uingereza imezitumia miaka yake, ikazitoa, zikapakiwa kwenye kontena, zikashukia Mombasa. Niliinunua shilingi 23,500. Shuleni tulifunzwa kuiita kipakatalishi. Sijawahi kumsikia mtu hapa steji akilitamka neno hilo, kwa hiyo nitasema laptopu.

Nikamuuliza bei zinatofautiana vipi. Akacheka. "Bei moja tu, dada. Mia tano, na Office ndani."

Swali lake lilikuwa na maana kabisa. Windows 10 ni nyepesi na watu wameizoea, lakini Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Apdeti za usalama zilikoma siku hiyo, isipokuwa kwa wanaojiandikisha kupata mwaka mmoja wa ziada. Windows 11 bado inahudumiwa, lakini inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na yangu ni ya kizazi cha saba. Fundi anajua njia ya kuuzunguka ukuta huo, kila fundi anaijua. Basi nichague: ya zamani isiyo na mlinzi, au mpya inayoingia kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia ngoja kwanza nifikirie. Alinitazama kama muuza duka aliyeambiwa na mteja kwamba anakwenda kufikiria kama anunue chumvi.

Nilichokwenda kufikiria si ten wala eleven. Kompyuta nyingi za ofisi huja na leseni ya Windows imeandikwa ndani ya bodi yenyewe, ukinunua mashine umenunua na leseni yake. Yangu ilikuwa imebadilishwa bodi, na hiyo bodi nyingine haikuwa na kitu. Leseni ya Windows 11 Home, kwa bei ya Microsoft wenyewe, ni dola 139, karibu shilingi 18,000. Ruhusa inakaribia bei ya chombo. Kwa hiyo ten ingekuwa krak na eleven ingekuwa krak. Fundi aliuliza toleo gani kwa sababu lile swali jingine, kama ni haki, haliulizwi na mtu hapa. Hata mimi sikuwahi kuliuliza kwa miaka minne niliyotumia laptopu yangu ya kwanza, mpaka ikafa.

Lililonifanya niulize safari hii ni jambo la aibu kidogo. Miezi michache kabla ya hapo, ukurasa mmoja wa Facebook wenye wafuasi wengi ulichukua insha yangu nzima, ukaondoa jina langu, ukaweka picha ya machweo juu yake. Nilipiga kelele. Nilitumia neno "wezi". Mwenye ukurasa akanijibu kwa upole: si tumekusaidia kusomwa? Nikamwandikia aya tatu kali kuhusu jasho la mwandishi. Niliziandika kwenye Word ambayo sikuilipia, ndani ya Windows ambayo sikuilipia, na wala sikuona kitu cha kuchekesha.

Nilikuja kukiona nilipoisoma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, nikitafuta kifungu cha kumtisha yule mtu. Sheria hiyo inapoeleza kazi ya fasihi ni nini inatoa orodha: riwaya, hadithi, mashairi, insha, makala. Humo humo, bila kubadilisha sauti, inataja programu za kompyuta. Mbele ya sheria, insha yangu na Windows ni ndugu wa tumbo moja, na zote zinalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nilikuwa nimekwenda kuchukua fimbo ya kumpigia mwenzangu.

Tena malalamiko yenyewe ni yale yale. Februari 1976 Bill Gates, akiwa na miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi watu waliokuwa wakinakili programu yake ya BASIC ya kompyuta ya Altair. Hoja yake ilikuwa nyepesi: wengi wenu mnaiba, mnalipia chombo lakini hamtaki kulipia kazi iliyomo ndani, na hakuna atakayeweza kufanya kazi nzuri ya bure milele. Toa neno programu, weka neno insha, na barua ile ningeweza kuitia sahihi. Kijana mwenye hasira aliyeacha chuo. Tofauti yetu ni akaunti ya benki.

Na tofauti hiyo ndiyo utetezi wa kwanza ambao kila mtu atakupa: hao ni matajiri, mia tano ya fundi wa Gede haiwapunguzii hata chumvi ya mchuzi. Ni kweli haiwapunguzii. Ila haki ya mtu haiishi pale anapotajirika. Ikiwa ni hivyo, basi niseme ni shilingi ngapi nikizipata insha zangu zinakuwa mali ya umma. Utetezi wa pili una nguvu zaidi, na aliyeutia nguvu ni Gates mwenyewe. Mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, alisema kuhusu China kwamba watu hawalipii programu, lakini maadamu wataiba, heri waibe za kwetu, watazizoea, na baadaye tutajua namna ya kuwatoza. Ukilisikia hilo unaona kwamba krak ya mtaani, kwa hesabu ya kampuni, inaweza kuwa aina ya tangazo. Mimi sikumpa Facebook yule ruhusa ya namna hiyo. Lakini kumbe ndiyo ile ile aliyonijibu: si tumekusaidia kusomwa?

Utetezi wa tatu ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu naamini nusu yake. Ukichukua mbuzi wa mtu, mbuzi hayupo zizini. Ukinakili programu, ya mwenyewe ipo pale pale. Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms alitunga "Jambo Bwana" hapa pwani, na kila jioni pale Watamu wahudumu wa hoteli wanawaimbia wageni. Wimbo haujapungua neno hata moja. Hakuna anayemwona mhudumu yule kuwa mwizi, na mimi pia simwoni. Sheria yenyewe haikuliita jambo hili wizi wa kawaida, imelipa jina lake, ukiukaji wa hakimiliki. Kwa hiyo sitasema fundi wangu ni mwizi wa mbuzi. Ni mtu anayelisha familia kwa kuziba pengo kati ya bei iliyopangwa Marekani na mfuko wa Kilifi. Nimemwona akimtengenezea mwanafunzi mashine usiku wa mwisho wa kuomba mkopo wa HELB na asichukue hata senti.

Kama mambo yangeishia hapo, ningerudi na mia tano yangu. Yangekuwa kati yangu na Microsoft, na Microsoft ana mawakili, hanihitaji mimi nimtetee.

Lakini nilitaka kujua krak yenyewe inafanya nini. Kampuni kubwa haziingizi namba ya leseni kwenye kila kompyuta. Zinaweka seva moja ndani ya ofisi, kila kompyuta inaiuliza: mimi ni wa hapa? Ikijibiwa ndiyo, inatulia kwa siku 180, na katikati inarudi kuuliza tena. Krak nyingi zinazotumika huku zinatengeneza seva ya uongo ndani ya laptopu yako hiyo hiyo. Mashine inajiuliza yenyewe na kujijibu yenyewe kwamba ni ya kampuni fulani. Na ili ule uongo uingie, fundi anaanza kwa kuzima antivairasi, kwa sababu antivairasi ingepiga kelele. Anaizima, anaingiza flashi yake, anabofya faili aliyoipata kwa fundi mwingine, ambaye aliipata kwa mwingine, na mwisho wa mnyororo yuko mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu anayemjua jina, aliyeandika programu ya bure yenye mamlaka yote juu ya mashine yako. Labda ni mkarimu. Sina njia ya kujua, na fundi wangu pia hana.

Sasa niseme laptopu yangu inafanya kazi gani, maana kuandika pekee hakulishi. Watu wanakuja nyumbani niwajazie fomu. Nil returns za KRA kabla ya tarehe 30 Juni, maana wakichelewa wanapigwa faini kwa mapato ambayo hawakuyapata. Maombi ya pasipoti kwenye eCitizen. Cheti cha tabia njema, ile gudi kondakti, kwa wasichana na wavulana wanaokwenda kufanya kazi Saudia na Qatar. Jirani anakuja na bahasha, ndani mna kitambulisho chake, cheti cha kuzaliwa, picha ya pasipoti na karatasi yenye paswodi iliyoandikwa kwa kalamu. Naskani, napakia, namrudishia bahasha. Kopi inabaki kwangu, kwenye folda iliyoandikwa jina lake. Kwa miaka minne folda hizo zilikaa ndani ya mashine ambayo antivairasi yake ilizimwa siku ya kwanza na haikuwahi kupata apdeti, kwa sababu fundi alinishauri nizifunge apdeti zisije zikaivuruga krak.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi na wenzangu tunabishana kuhusu mtu asiye sahihi. Vijiweni tunabishana kama Microsoft ameibiwa. Mama mwenye bahasha hatumtaji. Yeye hakuchagua ten wala eleven, hakuokoa 18,000, hakusoma barua ya 1976. Alinipa kitambulisho chake kwa sababu ananijua tangu nikiwa mtoto. Hatari ya kile nilichookoa mimi niliiweka kwake, bila kumwambia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayomhusu mtu anayeshika taarifa za watu wengine, lakini hata isingekuwepo, najua mama yangu angeliitaje jambo hili.

Si hatari ya kufikirika tu. Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani kupitia tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake Machi mwaka huo. Walioumia ni ambao hawakukiweka. Uingereza, huko huko zinakotoka laptopu zetu, hospitali za NHS zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani hakuwa amechagua mfumo endeshi wa mtu yeyote. Aliyepuuza apdeti alikuwa mwingine, ofisini.

Nikarudi kwenye swali la fundi na kuona kwamba lilikuwa zito kuliko alivyolitamka. Toleo gani maana yake ni: nani anailinda, na mpaka lini? Sisi wa Gede tunazijua kuta zilizobaki bila watu. Magofu yetu, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia Julai 2024, yamezungukwa na kuta mbili, ya ndani na ya nje, na bado mizizi ya miti imepita katikati ya mawe kama haioni kitu. Windows 10 ya krak ingekuwa hivyo. Windows 11 ya krak ingekuwa na mlinzi niliyemwambia asiingie. Windows ya kulipia ingekuwa haki kabisa, na kama ningekuwa na 18,000 nisingekuwa na insha hii ya kuandika.

Nilichagua Ubuntu. Na hapo pia kulikuwa na la kuchagua, maana kuna matoleo ya miezi tisa kwa wanaopenda vitu vipya, na kuna lile la kila miaka miwili linalohudumiwa kwa miaka mitano. Nilichukua 24.04, la Aprili 2024, ambalo apdeti zake zitaendelea hadi 2029. Ni faili ya takriban GB 6. Niliipakua kwa bando la usiku, siku mbili, taa zikipotea mara moja katikati.

Sitaki kumfanya mtu afikiri nimeokoka. Watu wa programu huru wana hoja yao kubwa, ambayo Richard Stallman aliianza mwaka 1983: leseni inayokukataza kumpa jirani kopi inakulazimisha uchague kati ya sheria na jirani, na mtu hapaswi kuwekwa kwenye uchaguzi huo. Naipenda hoja hiyo, inanuka kijijini. Jina lenyewe Ubuntu limetoka katika lugha za kusini, na mzizi wake ni ule ule wa utu wetu, ule wa Mgiriama anaposema mutu. Lakini jina zuri halijamfanya mtu yeyote kuwa mwema. Ubuntu ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, kwa pesa alizopata alipouza kampuni yake kwa Wamarekani mwaka 1999. Bure yangu ililipiwa na tajiri, ila huyu alitoa kwa hiari yake, akijua. Hiyo kwangu ndiyo tofauti nzima. Naweza kumpa jirani kopi mchana kweupe, wala sihitaji kuzima kitu kwanza.

Lipo deni jingine ambalo sijajua nilipe vipi. Nilipochagua lugha ya Kiswahili, sehemu kubwa ya menyu ilibaki Kiingereza. Watu walishaanza kazi hii. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na walikaa chini kutafuta neno la kila kitufe. Mimi ninayejiita mwandishi wa Kiswahili sijatafsiri hata sentensi moja ya mfumo ninaoutumia bure. Yule wa Facebook angeweza kunicheka kwa hilo, na angekuwa na haki.

Na gharama zipo. Printa ya jirani ilinichukua Jumamosi nzima. Mteja mmoja wa Nairobi alinitumia faili ya Word yenye majedwali, niliporudisha yakawa yamehama kama mbuzi waliofunguliwa, akaniuliza kwa adabu kama nina kompyuta. Malipo hayo nilikaribia kuyapoteza. Kuna wiki niliwaza kurudi kwa fundi na ile mia tano.

Nilirudi kwake, ila kwa jambo jingine. Nilimpelekea flashi yenye Ubuntu. Akaigeuza geuza. "Hii nayo ni krak ya nani?" Nikamweleza. Akauliza swali ambalo sikulitarajia: kama ni ya bure, yeye atamtoza mteja nini? Nikamwambia amtoze mia tano ile ile, ya kazi yake. Hakuonekana kuamini kwamba mtu atalipa mia tano kwa kitu cha bure, wakati analipa mia tano kwa kitu cha 18,000. Hesabu yake haina kosa. Aliiweka flashi kwenye droo, na sijui kama imewahi kutoka.

Kilichobaki ni folda za laptopu ya kwanza. Nilitoa diski yake kabla ya kuiuza kwa vipuri, nikahesabu majina: 31. Kufuta kopi ni rahisi, nilifuta. Kuwaambia wenyewe ndiyo kazi. Hadi leo nimewaambia wanne, nikawasaidia kubadilisha paswodi za eCitizen na KRA, na mmoja wao, mama mwenye kibanda cha viazi karai hapa steji, aliniuliza kama hiyo maana yake ni kwamba nimemwibia. Nikamwambia sidhani, lakini sina hakika. Akanifungia viazi vya hamsini na kusema nimjulishe nikijua. Wengine kumi na zaidi wako Riyadh na Doha, na namba zao nyingi hazishiki tena.